Mashati Yasiyo na Shingo

Jina lake halisi wateja wengi hawakulijua, wala hawakuona haja ya kulijua. Walimwita Mama Pindo, kwa sababu mtaa mzima haukuwa na fundi wa kushona aliyeweza kukunja pindo la gauni kama yeye. Uzi wake ulikuwa ukiingia kwenye kitambaa na kupotelea humo. Ungeigeuza nguo ndani nje, ungeipeleka dirishani penye mwanga, ungeazima hata miwani ya mumeo, na bado usingeona sindano ilipopita. Wapo waliomletea nguo mpya za dukani, zisizo na kasoro yoyote, ili aufumue mshono wa kiwandani na kuushona upya kwa mkono. Mama Pindo aliwaona ni wapumbavu kidogo, lakini hakuwahi kumrudisha hata mmoja.

Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango ulikuwa mmoja, unaofunguka moja kwa moja barabarani. Kulikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia vitambaa na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Mlango huo ulikuwa na komeo juu, komeo chini na kitasa katikati. Mteja akiingia, Mama Pindo alivifunga vyote kabla hata hajamjulia hali.

"Mama Pindo, unatupima au unatuteka?" walimtania.

Naye alicheka pamoja nao, huku akikijaribu kitasa mara ya pili kuona kama kimeshika.

Sababu ya makomeo yale ilijulikana, ila haikusemwa mbele yake. Zamani, binti yake alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni, Mama Pindo alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti akipanga urefu wa gauni la mteja, mdomo umejaa pini kama ilivyo kawaida ya mafundi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kwa pembe ya jicho akamwona mwanawe anavuka kizingiti. Alitaka kumwita. Lakini mdomo uliojaa pini hauiti mtu. Inabidi uziteme kwanza, na kuzitema bila kumeza hata moja kunataka utulivu. Nje lilikuwa linarudi nyuma lori la mchanga.

Alizika, akalia, akaendelea kushona. Watu walimsifu kwa moyo wake mgumu. Mimi nadhani hakuwa na moyo mgumu hata kidogo. Alikuwa na binti wa kulea na oda za watu, na mtu mwenye shughuli nyingi huweza kuuweka woga pembeni kwa miaka mingi, akijiambia atakuja kuushughulikia akipata nafasi.

Nafasi ilipatikana mjukuu alipoanza kutembea. Binti yake alikuwa ameolewa, mume akafuata kazi mbali, na yeye mwenyewe alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Asubuhi alimwacha mtoto kwa bibi yake, jioni akaja kumchukua. Mtoto mwenyewe walimwita Mchwa, kwa sababu alitafuna kila kitu: mguu wa meza, futi ya kupimia, hata sabuni ya mama yake. Mama Pindo alimpenda mtoto yule mpaka ikawa tabu. Siku Mchwa alipojiinua, akaachia kiti na kupiga hatua kuelekea mlangoni, bibi yake alihisi kifua kimebanwa kana kwamba mtu amekikalia. Mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata. Alikuwa na hakika kabisa kwamba anakufa, na kwamba akishakufa mlango utafunguka wenyewe.

Hospitali walimpima wakamwambia moyo wake ni mzima. Daktari akamwandikia vidonge vya kumtuliza.

"Ni vya wiki mbili tu, Mama," alimwambia. "Vikiisha urudi tuongee. Hivi havitibu kilichokusumbua. Vinakupa nafasi ya kupumua wakati tunakitafuta."

Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, na utamu wake hauelezeki. Alimeza kimoja, akakaa, na baada ya muda akaona mabega yake yameshuka. Hakuwa amejua kwamba miaka yote ile alikuwa ameyapandisha. Mchwa alikimbia chumba kizima, akaugonga mlango kwa viganja, na Mama Pindo akamtazama tu, anatabasamu. Tangu alipomzika mwanawe hakuwa amewahi kumtazama mtoto anayecheza bila kuona lori nyuma yake.

Kurudi kwa daktari hakurudi. Angerudi kufanya nini, na dawa inafanya kazi? Mwenye duka la dawa pale kona alikuwa mteja wake wa suruali, mtu wa miguu mifupi na maneno mengi, naye hakuuliza cheti. Kidonge kimoja kikaacha kutosha, akameza kimoja na nusu. Hicho nacho kikazoeleka. Ikafika mahali anaamka na kumeza kabla hajanawa uso, kisha mchana anaongeza kidogo wakati Mchwa anapoanza kusumbua.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu mmoja aliyeleta mashati ya sare. Alirudi ameshika shati moja mkononi, anacheka.

"Mama Pindo, hili umemshonea nani? Kichwa kinapita wapi?"

Shingo ya shati ilikuwa imefungwa. Haikuwa imekosewa kukatwa. Kola ilikuwepo, vifungo vilikuwepo, ila tundu la kupitishia kichwa lilikuwa limeshonwa upande mmoja hadi mwingine. Na mshono ulikuwa mzuri. Mama Pindo aliusogeza karibu na macho, akautafuta uzi kwa ukucha, asiupate. Akacheka na mwalimu, akalaumu uzee, akafumua. Kufumua kulimchukua asubuhi nzima.

Baada ya hapo akaanza kuziona nyingine mwenyewe, kabla wateja hawajazifuata. Mikono ya blauzi iliyozibwa pale kiganja kinapotokea. Mfuko wa koti ulioshonwa mdomo. Suruali ya mwenye duka la dawa, miguu yote miwili imezibwa chini kwa pindo safi lisiloonekana, ungedhani kitambaa kilifumwa hivyo tangu mwanzo. Alikuwa akizikuta mezani alasiri, zimekunjwa vizuri, zimepigwa pasi. Hakukumbuka kuzishika.

Alifikiri yote ambayo mtu hufikiri. Alifikiri kuna fundi mwenzake mwenye wivu. Alifikiri mambo ambayo hakutaka kuyataja kwa jina, akavifukiza vyumba vyote hadi Mchwa akakohoa. Alibadilisha kitasa. Nguo ziliendelea kufungwa. Jambo lililomtia baridi zaidi ni lile pindo. Mtu anaweza kuiba ufunguo wako, lakini mkono wako ataupata wapi?

Barabarani, upande wa pili, alikaa fundi viatu, mzee mpole aliyekuwa akimuona Mama Pindo kupitia dirishani kila siku ya kazi. Siku moja alivuka kuomba uzi mnene, na Mama Pindo akamuuliza kama huwa anaona mtu akiingia kwake mchana.

"Nani aingie, jirani, na makomeo yale?" alisema. "Nakuona wewe tu."

"Nafanya nini?"

Fundi viatu alicheka kidogo, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Unashona. Unashona vizuri tu. Ila nikikusalimia huitiki. Mwanzo nilidhani unaringa. Macho yako wazi, unanitazama, lakini ni kama unamtazama mtu aliye nyuma yangu." Akasita. "Halafu unaongea. Unasema, 'Kaa hapo. Usitoke.' Unarudia hivyo hivyo, polepole. Nilidhani unaongea na mtoto, lakini siku nyingine mtoto huwa amelala."

Mama Pindo alimpa uzi wake, akafunga mlango, akaketi. Akaitazama mikono yake. Sasa alielewa, na ningependa msomaji naye aelewe sawasawa, maana hapa hapakuwa na mzimu. Vile vidonge havikuwa vimeulaza woga. Vilimlaza yeye. Woga ulibaki macho, umeachiwa nyumba na mikono na sindano, na ulifanya kazi ile moja uliyoijua, ya kufunga kila mahali ambapo mtu angeweza kutokea.

Alichofanya ndicho ambacho mtu mwenye hasira na nafsi yake hufanya. Alivimwaga vidonge vyote chooni. Siku ya kwanza alitokwa na jasho, akasema ni homa. Iliyofuata mikono ilitetemeka hata sindano haikutungika, mwanga ukamuumiza, na cherehani ikaanza kusikika ikienda. Aligeuka kuitazama. Gurudumu limetulia, kanyagio limetulia, kitambaa kimelala, na bado sauti ile ya sindano inayopanda na kushuka ilikuwa ikisikika, haina haraka. Akainuka kwenda kuishika ili ainyamazishe. Hakufika. Fundi viatu ndiye aliyesikia kishindo, akapitisha mkono dirishani kufungua makomeo na kitasa, akamkuta anarusharusha miguu sakafuni. Kwa bahati mtoto siku hiyo alikuwa na mama yake.

Kwenye zahanati alimpokea tabibu mmoja, mwanamke wa sauti ya chini, asiyependa kupoteza maneno.

"Nani alikwambia uache ghafla?"

"Mimi mwenyewe."

"Nusura ujiue. Mwili umeshaizoea, ukiunyima kwa mara moja unapata degedege kama hilo. Dawa hii siyo mbaya, Mama. Sisi tunawapa hata watu wanaoacha pombe, ili wavuke zile siku za mwanzo wasife kwa kutetemeka. Ila ni ya muda mfupi, na chini ya macho ya mtu. Wewe umeifanya mlinzi wa nyumba."

Akampangia. Atairudia dawa ileile, kwa kiasi ambacho mwili wake unadai, kisha watakuwa wakikipunguza kidogo kidogo, kwa miezi, asizidishe wala asipunguze kwa akili zake. Na atakuwa anakuja kuzungumza, kuhusu mlango na lori na pini. Mama Pindo aliitikia yote. Tabibu alipoona ameshika mkoba wake ili aondoke, akaongeza:

"Na usikae peke yako na huyo mjukuu mpaka tumalize. Binti yako mwambie leo."

Hapo ndipo palipomshinda. Binti yake hakuwa na mtu mwingine pale mjini. Angejua, mtoto angepelekwa kwa mama mkwe, safari ya siku nzima, na Mama Pindo angekuwa anamwona Mchwa kwenye picha. Alimjua binti yake. Mambo ya mtoto hayakuwa na mzaha kwake. Kwa hiyo jioni ile, binti alipokuja mbio akihema kuuliza kilichotokea, mama yake alikuwa ameketi kitandani amejifunika khanga.

"Sukari ilishuka," alisema. "Sikula asubuhi."

"Mama, wewe nawe. Unashonea watu wote, kula kunakushinda?"

Binti akampikia uji, akamlisha kwa kijiko. Mama Pindo aliumeza pamoja na ule uongo, na vyote vilishuka bila shida.

Kwa muda mambo yalienda. Alifuata kipimo cha tabibu. Woga ulirudi kidogo, kama alivyoambiwa utarudi, na aliuvumilia. Nguo zikatoka zimefunguka. Kisha ikaja siku ambayo Mchwa alijifunza kuburuta kigoda mpaka mlangoni, kukipanda, na kufungua komeo la juu. Komeo la chini alishalijua zamani. Kitasa tu ndicho kilichokuwa kimebaki. Mtoto aligeuka kumtazama bibi yake, anasubiri asifiwe.

Kifua kikambana. Alimshusha mtoto, akafunga upya, akaenda chumbani. Alimeza nusu yake ya mchana. Akabaki amesimama pale ameshika kopo, moyo unamdunda masikioni. Akameza nyingine. Kisha nyingine tena. Leo tu, alijiambia, na ninamwamini kwamba alimaanisha.

Alipozinduka, mwanga wa jua ulikuwa umeshahama ukuta. Alikuwa sakafuni, mgongo kwenye mlango, miguu ameinyoosha. Kitu cha kwanza alichohisi ni ladha ya chuma. Alikuwa amebana pini kwenye midomo, nyingi, zimepangwa vizuri.

Kitu cha pili kilikuwa uzito mapajani. Mchwa alikuwa ameketi pale, anamtazama, ametulia kuliko alivyowahi kutulia maishani mwake. Shati lake lilikuwa limeshonwa kwenye gauni la bibi yake, kuanzia kwapani hadi chini, upande huu na upande ule. Mikono ya shati ilikuwa imezibwa, na viganja vyake vilikuwa vikitapatapa humo ndani polepole. Kola ilikuwa imepandishwa na kukazwa hadi chini ya kidevu, imebaki nafasi ndogo upande wa kushoto. Na mkono wa Mama Pindo ulikuwa bado unashona. Aliuona ukivuta uzi, ukitafuta mahali pa kuingizia sindano, ukipata, ukiingiza. Aliuambia usimame. Haukusimama hapohapo. Uliumaliza mshono ule kwanza, ukakaza, ndipo ukatulia.

"Bibi," mtoto alisema kwa sauti iliyobanwa, "umemaliza?"

Alizitema pini moja moja kwenye kiganja. Akaanza na kola. Hakuthubutu kutumia mkasi karibu na shingo ile, kwa hiyo alifumua kwa ncha ya sindano, na kwa mara ya kwanza maishani aliulaani ufundi wake, maana uzi haukuonekana na alilazimika kuutafuta kwa kidole, huku mtoto akipumua kwa shida chini ya kidole hichohicho. Kola ilipolegea mtoto alivuta pumzi ndefu, akakohoa, kisha akaomba maji. Hakulia. Jambo hilo ndilo lililomuumiza bibi yake kuliko yote. Mtoto alikuwa amekubali kushonwa, kwa sababu aliyekuwa akimshona ni bibi.

Jioni ilipofika hakukuwa na alama. Alikuwa ameokota nyuzi zote, amemwogesha mtoto, amembadilisha shati. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, na huo nao ulikuwa unafifia. Binti aliingia ananukia sabuni ya kiwandani, akavua viatu, akamnyanyua mwanawe.

"Umefanya nini leo, Mchwa wa mama?"

"Bibi kanishona."

Binti akacheka. "Kakushonea nini?"

"Kanishona mimi. Hapa, na hapa, na hapa." Mtoto alijigusa kwapani, akagusa viganja, akagusa shingo.

"Haya, bwana. Bibi yako akishaishiwa vitambaa anashona watu." Aligeuka kumtazama mama yake, bado anacheka, anasubiri naye acheke.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mama Pindo hakuhitaji hata kudanganya. Alihitaji kucheka tu. Kesho mtoto angeachwa tena asubuhi, na keshokutwa, na angekua akipita kwenye mlango ule, na yeye angefuata kipimo vizuri, kweli safari hii. Aliuona mdomo wake kwenye kioo, umeshaanza kujiandaa kucheka.

"Anasema kweli," alisema.

Akaeleza. Alieleza kuhusu vidonge, na mwenye duka la dawa, na mashati ya mwalimu, na kwamba sukari haikuwahi kushuka. Alieleza alichoambiwa na tabibu na jinsi alivyokificha. Binti alimketisha mtoto mezani, akamvua shati, akampitishia mikono mwili mzima, kwapani, mgongoni, kati ya vidole. Alipofika shingoni alisimama. Akainamisha kichwa kuangalia vizuri, kisha akamvalisha tena, akifunga vifungo vyote isipokuwa cha juu.

"Ungeniambia tangu siku ile ya uji," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ningekaa na wewe. Ningeomba likizo, ningefanya chochote. Ulidhani mimi ni nani?"

Mama Pindo aliinuka. Alikwenda chumbani, akarudi na kopo la vidonge, akalisukuma kwa binti yake upande wa pili wa meza. Binti akalifungua, akatoa nusu ya usiku ule, akaiweka mezani, akalitia kopo kwenye mkoba.

"Nitakuwa nazo mimi. Asubuhi nitakuletea ya asubuhi, halafu tutakwenda wote kwa huyo tabibu."

"Na mtoto?"

"Mtoto hatakuja."

Alimbeba Mchwa, akachukua viatu vyake mkononi bila kuvivaa. Mlango ulikuwa nyuma ya kiti cha mama yake, ilimbidi apite karibu naye ili aufikie. Alipiga hatua moja, akasimama.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa ya heshima ileile ya siku zote. "Weka mikono mezani."

Mama Pindo hakuelewa.

"Mikono yako. Iweke juu ya meza niione. Halafu nipite."

Aliiweka, yote miwili, viganja chini. Binti yake akapita nyuma ya kiti akiwa amegeuza upande wenye mtoto kwenye ukuta, macho hayatoki mezani. Akafungua komeo la chini, komeo la juu, kitasa. Mchwa alimuaga bibi yake, na bibi akamwitikia bila kugeuka, kwa sababu hakutaka kusogeza mikono kabla hawajatoka.